MSHALE UNASEMA 50, TOCHI INASEMA 58! NANI MWONGO?

Basi bwana, mwezi uliopita nilikuwa natoka Chalinze na mchuma wa braza, ile Corolla ya kizamani ya miaka ya 90 ambayo pale kijiweni tunaiita Bibi Harusi kwa jinsi anavyoidekeza. Kiti cha mbele yupo shangazi, miguuni kwake kiroba cha mihogo. Tunaingia Mlandizi, kibao cha 50 nikakiona, mguu nikaupunguza, mshale ukashuka ukatulia kwenye 50 kamili. Siyo 51, msomaji wangu. Hamsini! Nimekaa kistaarabu ile mbaya, hata redio nilikuwa nimepunguza sauti.

Mbele kidogo nguo nyeupe. Mkono ukapungwa, nikaegesha pembeni.

"Habari za kazi, afande."

"Nzuri, kijana. Mbona unamkimbiza mama yetu?"

"Sikimbii, afande. Nilikuwa hamsini."

Akacheka kidogo, akanigeuzia simu. Picha ilikuwa imerushwa na mwenzake aliyejibanza na tochi kule nyuma. Gari lile lile, namba ile ile, hata kilemba cha shangazi kinaonekana. Pembeni imeandikwa 58. Nikaandikiwa 30,000, nikapewa namba ya kulipia, safari ikaendelea mdomo ukiwa mchungu.

Hiyo ya kwanza niliimeza. Nikajisemea labda niliangalia vibaya. Siku tisa baadaye, barabara ile ile, mshale 50, tochi 58. Tena! Elfu 60 imekwenda na maji ndani ya wiki mbili, na braza alipopata habari hakutaka maelezo.

"Dogo, hili si gari la mashindano. Unajifanya Schumacher kwa mali ya watu? Leta funguo."

Nikamwambia braza, muulize shangazi, alikuwepo. Shangazi naye, Mungu amweke, akasema yeye mambo ya mishale hayajui, anachojua ni kwamba miti ilikuwa inapita haraka haraka.

Ikawa soo. Gari lile ndilo nililokuwa nampelekea shangazi kliniki, na Jumamosi nabeba vichwa viwili vitatu vya watu wa maharusi napata mshiko wa kusogezea wiki. Sasa funguo zimepanda juu ya kabati, na mimi nimebaki na jina la muongo. Hilo la uongo ndilo lililoniuma zaidi, maana kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nasema kweli.

SAA, NGUZO NA SIMU

Nilimbembeleza braza siku tatu ndipo akakubali tukapime, kwa sharti kwamba usukani anashika yeye. Nikasema afadhali, nisije nikaambiwa nimechakachua.

Kwenye barabara zetu kuu kuna zile nguzo za kuhesabia kilometa. Jumapili alfajiri, magari yakiwa machache, tukavuka Mlandizi tukatafuta kipande kilichonyooka. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Ukienda kilometa 60 kwa saa, kilometa moja unaimaliza kwa dakika moja. Kwa hiyo mshale ukitulizwa kwenye 60, bila kupanda wala kushuka, kilometa 5 lazima zile dakika 5. Braza ana mguu mtulivu, hilo nampa. Akautuliza mshale, mimi nikabonyeza saa nguzo ilipopita dirishani kwangu. Tulipomaliza kilometa 5 nikabonyeza tena.

Dakika 4 na sekunde 19.

Chukua 5, gawanya kwa sekunde 259, zidisha kwa 3,600. Inakuja 69 na nusu. Mshale muda wote ulikuwa unatuapia kwamba ni 60! Braza akasema, "Tugeuze, turudie." Tukarudia kwa upande wa kurudi, ikaja dakika 4 na sekunde 20. Kimya kikatanda ndani ya gari.

Wenye simu za kisasa hawana haja hata ya nguzo. Kuna programu za kupima spidi zinazosoma setilaiti moja kwa moja, ukishaiweka kwenye simu haikuombi bando. Kwenye njia iliyonyooka, anga wazi na mwendo usiobadilika, inakuwa karibu sana na ukweli. Ila ukikanyaga mafuta ghafla inachelewa kukufuata, na ukiwa katikati ya maghorofa inababaika. Simu ashike abiria, siyo wewe dereva, tusije tukatafutana. Yangu ilisema hivi: mshale 50, simu 58. Yaani sawasawa na tochi ya afande, ambaye nilikuwa nimemsema vibaya kijiweni wiki nzima.

Na tukagundua lingine. Zile tarakimu zinazohesabu kilometa gari lilizotembea zinazungushwa na kebo hiyo hiyo ya mshale, kwa hiyo nazo zilikuwa zinatupunja. Tulipopita nguzo za kilometa 10, zenyewe zilikuwa zimehesabu 8.6 tu. Hapo braza akapiga usukani kofi. Miezi yote hiyo alikuwa analia kwamba gari linakunywa mafuta. Kabadili plagi, kasafisha kabureta, kabakiza kuliuza. Alikuwa anaweka lita 30, anatembea 300 za kwenye mita, anasema kilometa 10 kwa lita, gari limechoka. Kumbe 300 ile ni 348 za kweli, sawa na 11.6 kwa lita. Gari zima kabisa! Na oili aliyodhani anamwaga kila kilometa 5,000 alikuwa anaimwaga kwenye 5,800.

GARI LIMEZIMWA, SPIDI 8

Sasa hapa ndipo nilipoingizwa mkenge, na nakusimulia ili wewe usiingie.

Nikapeleka gari gereji moja ya mtaani, jina naliacha. Jamaa kusikia tofauti ni nane tu akacheka. "Hiyo ni dakika kumi, bosi wangu. Lete elfu 15." Akafungua dashibodi, akang'oa mshale, akaurudisha umesogea nane mbele. Nikatoka pale naendesha, mshale 58, simu 58. Babu kubwa! Nikarudisha gari nyumbani natembea kwa mapozi.

Jioni braza akaniita nje. Gari limeegeshwa, limezimwa, funguo anazo mfukoni. Mshale unasema 8.

"Dogo, hebu niambie. Linakwenda wapi?"

Tatizo la ujanja ule ni kwamba kosa la spidomita halikai namba moja. Linakua kadiri unavyokwenda. Pale palipokuwa 25, ukweli ni 29, tofauti ni nne tu. Kwenye 50 tofauti ni nane. Kwenye 80 ukweli unakaribia 93, tofauti ni kumi na tatu. Sasa wewe ukisogeza mshale nane kila mahali, utapata ukweli kwenye 50 peke yake. Chini ya hapo gari linajisifu, juu ya hapo bado linakudanganya, na hapo juu ndipo pa hatari. Mwendo mdogo anakuonyesha zaidi, mwendo mkali anakuonyesha pungufu. Mtu yeyote atakayekwambia anarekebisha spidomita kwa kusogeza mshale, mshukuru, funga mlango, ondoka.

Na akikuambia hapo hapo anaweza pia kukurudishia kilometa nyuma ili gari liuzike vizuri, ondoka mbio.

MZEE HAKUTAZAMA DASHIBODI

Mshikaji wangu mmoja anayeuza spea za mtumba Ilala, pale Shauri Moyo, akanielekeza kwa fundi wa makamo ya baba yangu, mvi kichwa kizima. Tukaenda wote, mimi na braza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani aliyeng'oa mshale wa watu?"

Nikaelezea kisa kizima. Nilitegemea afungue dashibodi. Wapi! Akalizunguka gari, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akasoma maandishi ya tairi, kisha akafungua mlango wa dereva akasoma kile kibandiko cha kiwandani.

"Hizi rimu zimekuja na gari?"

Hapo msomaji wangu naomba nikiri. Rimu nilizifunga mimi. Mwaka jana mwezi wa kumi na mbili, kwa hela yangu, inchi 15 zinazometameta, tairi 195/60, maana gari lilikuwa linaonekana kama la mzee wa kanisa. Kibandiko cha mlangoni kinasema 175/65 inchi 14. Sikuwahi kukisoma. Wewe umewahi kusoma cha kwako?

Mzee akanichorea mchangani. Ile 175 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 65 ni asilimia ya upana huo, ndiyo urefu wa ubavu wa tairi. Ile 14 ni inchi za rimu. Ukijumlisha rimu na mbavu zake mbili, tairi la kiwandani lina kipenyo cha milimita 583, likizunguka mara moja gari linasogea meta 1.83. Langu la mapozi lina milimita 615, mzunguko mmoja meta 1.93. Sentimeta kumi za bure kila mzunguko!

"Sasa kijana," mzee akasema, "spidomita haijui spidi. Inajua mizunguko tu."

Na huo ndio uhondo wote wa habari hii. Mimi niliyeishia Form Four na fizikia ikanishinda, nilielewa siku hiyo kwenye mchanga wa Ilala. Kwenye giaboksi kuna kigia kidogo cha plastiki kinachozunguka kadiri magurudumu yanavyozunguka. Kigia kinasokota kebo nyembamba iliyo ndani ya mrija, inapanda hadi nyuma ya dashibodi. Mwisho wa kebo pana sumaku, na sumaku hiyo inazunguka ndani ya kikombe cha aluminiamu bila kukigusa. Aluminiamu haishikwi na sumaku, lakini sumaku ikizunguka karibu yake inazua umeme mdogo ndani ya kikombe, na umeme huo unakifanya kikombe kitake kuifuata sumaku. Springi nyembamba kama unywele inakivuta kisiende. Mshale umefungwa kwenye kikombe. Sumaku ikikazana, kikombe kinaishinda springi kidogo zaidi, mshale unapanda. Mjerumani mmoja, Otto Schulze, aliusajili ujanja huu mwaka 1902, na Bibi Harusi wetu anautumia hadi leo.

Magari ya Kijapani ya kebo yamepangwa hivi: kebo ikizunguka mara 637, mita inajua umetembea kilometa moja. Haiulizi tairi gani umevaa. Ukiweka kubwa, kebo inazunguka mara chache kuliko inavyotakiwa, na mshale unakusifia upole usiokuwa nao.

Lakini mzee akatikisa kichwa. Tairi peke yake linakutoa 50 mpaka karibu 53, halikufikishi 58. "Giaboksi imewahi kushushwa?" Braza akasema ndiyo, mwaka jana, ilikuwa inavuja oili, ikashushwa gereji nyingine. Mzee akaingia chini na tochi (ile ya kumulika, usishtuke), akafungua bolti moja, akatoka na kigia cha plastiki chenye mafuta. Akanipa nihesabu meno. Thelathini na tatu.

Akafungua mkebe wake wa vigia, vya kila rangi, akanipa kingine. Thelathini.

"Hiki cha 33 ni cha gari dogo, la tairi ndogo. Aliyeshusha giaboksi alivunja chenu, akachomeka alichokuwa nacho."

Meno yakizidi, kigia kinazunguka taratibu. Thelathini na tatu kwa thelathini ni asilimia kumi. Kwa hiyo 50 inakuwa 55 kwa ajili ya kigia, halafu ongeza asilimia tano na nusu ya tairi zangu, unapata 58. Imetua pale pale, kama imepimwa na tochi.

Braza akanigeukia taratibu. "Kwa hiyo nusu ya faini ni wewe."

"Theluthi, braza," nikamwambia. "Theluthi tu."

BADO MWONGO, LAKINI MZURI

Mzee alitupa njia mbili. Ukitaka kubaki na rimu zako, tunaweka kigia cha meno 28 badala ya 30, hesabu inarudi kwenye mstari. Ukitaka gari kama lilivyozaliwa, weka cha 30 na urudishe tairi zake. Nilifungua mdomo kuchagua, braza akawa ameshachagua. Rimu za zamani zilikuwa uvunguni kwangu, zikatolewa. Kigia elfu 8, ufundi elfu 10, na mshale ukarudishwa kwenye sifuri yake. Jumla elfu 18, wakati yule wa kusogeza mshale alikula 15 akaniachia kimeo.

Tukarudi kwenye nguzo zetu. Mshale 60, kilometa 5, dakika 5 na sekunde 12. Nikanuna. Ile ni 57.7, siyo 60! Nikampigia mzee simu, akacheka mpaka akakohoa. Akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Na ni kweli. Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa kwa watengenezaji magari, namba 39, inayofuatwa na nchi nyingi. Inasema mshale usionyeshe kamwe pungufu ya mwendo wa kweli. Kuzidisha unaruhusiwa, mpaka asilimia kumi na kilometa nne juu yake. Ukiwa 80 kweli kweli, mshale unaweza kusema mpaka 92, lakini hauruhusiwi kusema 79. Kwa hiyo viwanda vinaegemea upande wa kuzidisha kwa makusudi. Tairi likilika nalo linazidisha kidogo, kwa sababu linapungua kipenyo na kuzunguka mara nyingi zaidi. Kama lako linakuonyesha 60 na simu inasema 57, kunywa maji, lala. Fundi ni wa yule ambaye simu inasema zaidi ya mshale.

Hiyo nane niliyokuwa nimezidisha Mlandizi siyo ya kuchezea. Kwenye 58, breki zinahitaji umbali mkubwa zaidi kwa theluthi moja kuliko kwenye 50, maana nguvu ya mwendo inapanda kwa kujizidisha yenyewe. Pale ndipo watoto wa shule wanapovukia. Mimi nilikuwa nimeacha nafasi ya mtu wa 50, na roho yangu imetulia tuli.

Wenye gari za sasa, IST, Vitz na wenzake, kebo hamna. Sensa inatuma mapigo ya umeme hadi dashibodi, mengine yanayasoma kwenye sensa za magurudumu zile za breki za ABS. Lakini ulevi ni ule ule, ukibadili kipenyo cha tairi umeibadilisha mita. Dawa ni kurudi kwenye kipimo cha kibandiko, au kufungiwa kiboksi kinachosahihisha mapigo kati ya sensa na dashibodi, na hiyo ni kazi ya fundi umeme anayejua, siyo ya kubahatisha.

Mshale unaochezacheza kama unasikiliza muziki ni kesi nyingine kabisa. Kwenye gari la kebo, kebo imekauka au imepinda. Inatolewa, inasafishwa, inapakwa grisi kidogo, lakini kile kipande cha juu kinachoingia kwenye mita kiachwe kikavu, la sivyo grisi inapanda na kuua mita yenyewe. Kwenye gari la sensa, angalia plagi yake na lehemu za nyuma ya dashibodi zilizopasuka. Na wewe uliyenunua gari lililotoka Uingereza, tazama kama tarakimu kubwa ni maili. Maili 50 ni kilometa 80, na kwenye kibao cha 50 hutajitetea na lugha yoyote.

Jumamosi iliyopita funguo zilishuka kabatini. Nikampeleka shangazi kliniki, tukarudi kwa njia ya Mlandizi, mshale kwenye 50, simu ikisema 48. Nguo nyeupe ilikuwa pale pale. Afande alitutazama, akatazama simu yake, akatazama gari lililokuwa nyuma yetu.

Shangazi akajiegemeza vizuri kwenye kiti. "Unaona sasa?" akasema. "Leo miti inapita polepole. Siku zile ulikuwa unakimbia, mwanangu."

Rimu nne za inchi 15 na tairi zake zipo uvunguni, bado zinametameta. Bei maelewano, ila usome kwanza kibandiko cha mlangoni kwako.